Nilivyowadhibiti panya wa kulishia chatu wasigugune mabeseni yao

Anayefuga panya kwa ajili ya kulisha chatu hujiandaa kwa harufu, kwa kasi ya uzazi na kwa gharama ya chakula, lakini kilichonisumbua mimi kuliko hayo yote ni meno. Panya wangu walikuwa wakiguguna mabeseni ya plastiki wanamoishi, vifuniko vyake, mirija ya maji na hata mbao za rafu iliyobeba mabeseni, na kila tundu jipya lingeweza kumpitisha jike mwenye mimba akaenda kuzaa nyuma ya kabati. Nimefanikiwa kulipunguza tatizo hili kwa kiasi kikubwa. Sikulimaliza, wala sidhani kwamba linaweza kumalizwa.

Meno manne ya mbele ya panya, mawili juu na mawili chini, hukua maisha yake yote, kwa kadiri ya milimita 2 hadi 3 kwa wiki. Enameli yake, yaani tabaka gumu la nje ya jino, imefunika upande wa mbele peke yake, nayo ina rangi ya manjano iliyokolea kwa sababu ya madini ya chuma yaliyomo; upande wa nyuma ni laini zaidi, hivyo huisha haraka na kuliacha jino na makali kama ya patasi. Isitoshe, ngozi ya mashavu hujikunja ndani ya pengo lililopo kati ya meno ya mbele na magego, ikaziba njia ya kooni, na kumwezesha panya kuguguna kitu bila kukimeza chote. Ndiyo maana chini ya kila tundu nilikuta chembechembe za plastiki zimelundikana kama zilivyokatwa. Kwa mnyama wa namna hiyo, kumzuia asigugune ni kazi bure. Linalowezekana ni kumchagulia cha kuguguna.

Nilianza kwa kuyachunguza mabeseni yaliyoharibika, na hapo ndipo jambo lilipoanza kueleweka. Hakuna hata moja lililotobolewa katikati ya ukuta laini. Uharibifu ulianzia kwenye kingo: mdomo wa beseni, pembe zilizojitokeza, na zaidi ya yote matundu ya hewa niliyokuwa nimeyatoboa ubavuni kwa keekee. Michirizi ya meno ilikuwa jozi jozi na yote ilielekea ukingoni, kwa kuwa meno ya juu hushikilia na ya chini ndiyo yanayokwangua, na pasipo na pa kushikilia meno huteleza tu.

Tangu hapo nikaacha kabisa kutoboa matundu ya hewa ubavuni. Sasa hewa inaingia kwa juu, kupitia wavu wa chuma uliofunika uso mzima wa beseni, wenye matundu ya milimita 6 ili hata watoto walioanza kutembea wasipenye. Mdomo wa beseni umeingia ndani ya fremu ya chuma iliyoshika wavu huo, kwa hiyo panya akisimama kwa miguu ya nyuma hakuti ukingo wa kuuma. Beseni lililokwisha kuliwa kidogo silitupi: tundu lake hukaa kati ya vipande viwili vya bati, kimoja ndani na kingine nje, vilivyobanwa kwa riveti, na kingo za bati nazipiga tupa zisije zikawakata miguu. Gundi peke yake haifai, kwa sababu huigugunia mbali kabla haijazeeka.

Maji yalinihitaji subira zaidi. Mrija wa chuma wenye gololi mdomoni hauliki, lakini tundu la kuupitishia kwenye plastiki linalika vizuri sana, kwa hiyo sasa mirija yote inashuka kutoka juu kupitia wavu. Katika beseni moja, ambalo halikuwa na kasoro nyingine, panya waliendelea kuuma mrija kwa fujo usiku baada ya usiku. Nilipoibonyeza gololi kwa kidole halikutoka hata tone. Siku hizi nikisikia mguguno wa ghafla ulioganda mahali pamoja, nakagua maji kwanza, kisha idadi ya panya waliomo, maana msongamano nao huwafanya waume chochote. Jike anayekaribia kuzaa, kwa kuwa mimba huchukua siku 21 hadi 23 tu, hutafuta vitu vya kutandikia kiota, na akipewa karatasi isiyo na wino huichana hiyo na kuacha mengine.

Wapo wanaopendekeza kupaka pilipili au dawa chungu kwenye plastiki. Sikubaliani nao. Ukali huo haudumu, humkera mnyama asiye na pa kukimbilia, na kwa kuwa haja ya kuguguna iko palepale, kesho yake utamkuta amehamia pembe ya pili.

Kuhusu cha kuguguna, mfugaji wa panya wa chakula ana mzigo ambao anayefuga panya kwa kuwapenda tu hana kwa kiasi hicho: chatu humeza windo zima, na kilichomo tumboni mwa panya huingia naye. Kwa hiyo natumia vipande vya mbao kavu visivyo na rangi, vanishi wala dawa ya wadudu, na siweki mierezi wala mbao mbichi za msonobari, ambazo harufu yake kali hudhuru mapafu na maini ya panya wenyewe. Mifupa mikavu iliyochemshwa pia wanaipenda. Lakini kilichofanya kazi kuliko vyote ni chakula chenyewe: badala ya kumwaga peleti (vipande vya chakula kilichoshindiliwa) sakafuni, naweka peleti ngumu kubwa ndani ya kikapu cha waya kinachoning'inia, ili wazikwangue kupitia nafasi za waya. Kazi hiyo huwachukua sehemu kubwa ya usiku.

Kila ninapobadilisha maranda nafunua mdomo wa panya mmoja mmoja kutazama meno. Ambaye meno yake hayakutani huyarefusha mpaka yakapinda, akashindwa kula na kukonda, na huyo simwachi azae. Na kwa kuwa meno yaleyale yanayotoboa plastiki yanaweza kumfunua chatu mgongo hadi kwenye nyama akikataa kula, simtii panya hai kwenye kizimba cha chatu. Huuawa kwanza kwa njia isiyomtesa, na chatu hupewa kwa koleo ndefu.