Siku moja kwenye dirisha la dawa, Mwanza

Saa 1:30 asubuhi. Benchi la nje limeshajaa. Leo ni kliniki ya presha na sukari kwenye kituo chetu cha afya, na wengi wameondoka kwao gizani: wa Buhongwa na Kisesa kwa daladala, wa ng'ambo ya Kamanga kwa kivuko. Mimi ni mteknolojia dawa, kazi yangu ni dirisha. Nawasalimu, "Mwangaluka, mayu," mabibi wanaitikia. Wenye sukari wamekuja bila kula, kwa hiyo nawaomba wengine wawapishe watangulie kupimwa.

Saa 3. Vyeti vya dawa vinaanza kunifikia. Wengi wanafuata dawa zilezile za mwezi uliopita: metformini, amlodipini, losatani. Kwa nje inaonekana ni kuhesabu na kukabidhi tu. Lakini swali langu la kwanza kwa kila mtu ni, "Zimebaki ngapi?" Nawaomba waje nazo.

Leo mama mmoja amemimina vidonge 13 kwenye trei, vilitakiwa viwe viwili. Presha yake ilikuwa juu na daktari ameshaandika dozi kubwa zaidi. Nikamuuliza taratibu. "Mwanangu, siku nikiamka vizuri naruka, ili zifike mbali." Nikamrudisha kwa daktari na vidonge vyake mkononi. Dozi imebaki ileile. Angepewa kubwa, halafu akaanza kumeza kila siku bila kuruka, presha ingeweza kushuka mno, akapata kizunguzungu na kuanguka. Presha haiumi, ndiyo maana mtu akijisikia mzima anadhani amepona. Kumbe kujisikia mzima si dalili kwamba presha imeshuka.

Saa 5. Wavuvi wa dagaa. Hawa nawapenda, na nina utaratibu wao. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikipamba wavuvi wanapumzika. Ukimpa mvuvi tarehe ya kurudi inayoangukia giza, atakuwa ziwani na hatakuja, hata umsihi vipi. Kwa hiyo wakati wa kupanga tarehe naangalia mwezi kwanza. Mwezi wa angani huzunguka kwa siku 29 na nusu hivi, na dozi ya vidonge 30 inakwenda nao karibu sawa. Shida huja pakiti zikiwa za vidonge 28, maana zinaisha kabla mbalamwezi haijarudi. Hapo namwomba daktari aandike za kuongezea, na namweleza mvuvi kwamba hizo ni za siku za katikati, zisigawiwe kambini. Kugawiana kupo sana. Mwenzako akiishiwa kisiwani, utamnyima? Nawaelewa, ila dawa ya presha ya mtu mmoja inaweza kumdhuru mwingine mwenye tatizo la figo.

Saa 7. Stoo. Nahesabu makopo, najaza leja, naandaa oda ya Bohari ya Dawa. Chai na chapati nimesimama.

Saa 8. Mke wa mgonjwa amekuja na kadi ya mumewe, mwenyewe yuko sokoni Mwaloni, Kirumba. Ninampa, kwa sababu kumnyima ni kumwacha mzee bila dawa. Ila nimesoma kadi: hajapimwa muda mrefu. Nimemwambia, "Mama, safari ijayo aje mwenyewe."

Baada yake, kijana wa insulini, dawa ya sukari ya kuchoma sindano, anayeishi kambini visiwani. Umeme hakuna, barafu ya samaki ipo tele. Hapo ndipo hatari ilipo: insulini ikigusana na barafu inaganda, na iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka. Nimemchorea kwenye karatasi chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa maji, juu kitambaa kibichi, viwekwe kivulini, ili insulini ikae baridi bila kuganda. Kichupa kikishafunguliwa kiandikwe tarehe, kisipite wiki nne. Amenirudishia maelezo yote kwa mdomo wake mwenyewe ndipo nikampa begi.

Saa 9:30. Foleni imekwisha. Nachukua daftari la tarehe na kuwapigia ambao hawakutokea. Wengine simu zimezimwa. Bibi mmoja amekosa nauli, mjukuu wake atapita kesho. Kwangu hii ni sehemu muhimu kuliko zote za siku, ingawa haimo kwenye ripoti yoyote: aliyeishiwa dawa wiki hii, nikimpata leo bado ana nafuu ya kurudi kwenye mstari.

Wa mwisho ni mvuvi wa Ukerewe. Simu amepokea mkewe: mtumbwi unaingia Jumatano usiku. Nimemwandikia Alhamisi saa 2 asubuhi, aje na vidonge vilivyobaki, apimwe kwanza.