Taa ya njano iliyowasumbua tangu Machi

Wiki mbili zilizopita dereva mmoja aliingia gereji kwetu Uyole akiwa amechoka mno. Lori lake hubeba shaba kutoka Zambia. Tangu Machi, kila akitoka foleni ya mpakani Tunduma taa ya njano ya injini inawaka, kompyuta ya injini inakata nguvu, na Mlima Iwambi anaupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Tajiri wake ameshanunua sensa mbili za moshi. Mbili! Fundi wa kwanza alifunga, akafuta namba ya hitilafu kwa mashine ya kusomea kompyuta, akachukua hela yake. Safari iliyofuata taa ikarudi. Jambo hili linaniumiza, maana kufuta namba ni kazi ya sekunde kumi na haitengenezi kitu.

Nilichomeka mashine nikaona namba ya hitilafu 4364, mkia 18: AdBlue, yale maji ya urea ya kusafishia moshi, inapulizwa, lakini moshi hausafiki kwa kiwango ambacho kompyuta inataka. Nikaanza na waya. Swichi nikiwa nimezima, nikapima zile waya mbili ambazo sensa na kompyuta huwasiliana kwazo, nikapata omu 60. Ziko sawa, kwa kuwa kila mwisho una rezista ya omu 120, na mbili zikiwa sambamba husomeka 60. AdBlue nayo ilisoma asilimia 32.5 ya urea, haijachakachuliwa.

Nikamuuliza dereva, "Taa inawaka wakati gani hasa?"

"Nikishakaa foleni muda mrefu, fundi, injini inaunguruma tu."

Hapo nikaelewa. Injini ikiunguruma bila mzigo, moshi unapoa chini ya nyuzi 200 za Selsiasi, na AdBlue haifanyi kazi vizuri kwenye ubaridi huo. Programu iliyokuwamo kwenye kompyuta ya injini ilikuwa ya zamani, inahukumu kuwa moshi hausafiki kabla moshi haujapata moto. Maelezo ya toleo jipya la mtengenezaji yalitaja tatizo hilohilo.

Tajiri alikuwa ameshauriwa afunge kile kiboksi cha kuidanganya kompyuta kwamba moshi unasafishwa. Nilikataa. Moshi huo tunauvuta sisi tunaoishi kando ya barabara hii, pamoja na watoto wetu.

Kuingiza programu mpya kunanitia hofu mpaka leo, kwa sababu umeme ukiyumba katikati, kompyuta inaweza kufa palepale. Nikafunga chaja ya volti 24 kwenye betri. Nikamwambia utingo azime redio, achomoe simu na afunge milango ili taa ya kabini isiwake. Kwenye asilimia 63 ikasimama. Utingo alikuwa ameivua kofia, ameikumbatia kifuani. Sote kimya. Kisha 64.

Ilipofika 100 nikazima swichi, nikasubiri dakika mbili, nikawasha. Taa za dashibodi zikawaka zote, zikazimika, na ile ya njano nayo ikazimika. Sikumwambia imepona. Nilimwambia, "Nenda ukakae foleni, ukirudi pitia hapa."

Jana alipita, shaba nyuma, baada ya kulala Tunduma usiku mmoja. Nikachomeka mashine, hakuna namba hata moja. Nikachukua kalamu ya wino mzito, nikaandika toleo la programu na tarehe ndani ya kifuniko cha boksi la fyuzi, ili fundi mwingine asije akamnunulisha tajiri sensa ya tatu.