Asubuhi Isiyo na Upepo

Saa kumi na mbili na robo asubuhi nilikuwa nimeinama kwenye matuta yangu ya nyanya, ndoo ya maji pembeni, harufu ya dawa ya shambani ikanikaba kooni. Harufu kali, yenye utamu wa kuchefua ndani yake. Niliinua macho kuutazama mti wa mpakani: hakuna jani lililotikisika. Trekta la jirani lilikuwa mbali, kama mita 300 hivi, nasikia muungurumo wake tu. Upepo hakuna, trekta liko kule, na macho yananiwasha. Nikaingia ndani, nikafunga madirisha, nikamwamsha mwanangu nikamhamishia chumba cha upande wa pili. Nguo za jana zilikuwa bado kambani. Nilizianua nikazifua upya, mbali na nguo nyingine.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba saa ile ilichaguliwa kwa ajili yangu.

Mwezi mmoja kabla, mzee jirani alipiga dawa mchana wenye upepo, na kwa macho yangu niliona ukungu mweupe ukivuka mpaka. Nilimfuata shambani nikiwa nimefura. Nilimwambia, "Mzee, unatuua." Ni mtu wa umri wa baba yangu, na hayo si maneno ya kumwambia mtu mzima kabla hata ya salamu. Alizima trekta, akanisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Nimekusikia, binti yangu. Kuanzia sasa nitapiga alfajiri, upepo ukiwa umelala." Nilimshukuru. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi, nikijua jambo limekwisha.

Siku ya tatu baada ya ile asubuhi, mashina ya nyanya yalikuwa yamepinda kama ndoano na majani yamejikunja kuelekea chini. Wiki ya pili majani mapya yalitoka membamba, yamesinyaa, mishipa imebanana kama nyuzi. Nilidhani ni ugonjwa, nikang'oa mashina manne nikayachoma. Nafaka za mzee zilikuwa zimesimama kijani, hazina hata doa, na hilo likanizidishia kuamini kwamba tatizo liko kwangu. Nilipomwuliza jina la dawa ndipo mambo yalipofunguka: 2,4-D, dawa ya magugu iliyoanza kutumika miaka ya 1940. Inaua magugu yenye majani mapana na kuziacha nafaka. Nyanya nayo ina majani mapana, tena ni miongoni mwa mimea inayodhurika upesi sana na dawa hiyo. Kiasi kidogo kabisa kinatosha kuipinda.

Lakini ilifikaje kwangu bila upepo? Swali hilo lilininyima usingizi, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike leo.

Bomba la dawa halitoi matone ya ukubwa mmoja. Yamo makubwa yanayoanguka papo hapo, na yamo madogo sana. Tone la maikroni 400 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) huanguka mita 3 kwa sekunde 2 hivi katika hewa tulivu. La maikroni 100, unene unaokaribiana na wa unywele, huchukua kama sekunde 10. La maikroni 20 huchukua dakika 4. Dakika nne za kuelea! Sasa fikiria usiku wenye anga safi na utulivu. Ardhi hupoteza joto, hewa iliyoigusa hupoa na kuwa nzito, na juu yake hubaki hewa yenye joto kidogo, imeifunika kama mfuniko wa sufuria. Mchana hewa ya chini hupanda na kuchanganyika na ya juu, na dawa hutawanyika. Chini ya mfuniko ule hakuna kupanda. Matone madogo hubaki yakielea, yamekusanyika pamoja, kisha husogea polepole kufuata hewa baridi inakoelekea. Hewa baridi huteremka kama maji. Nyumba yangu iko chini ya mteremko wa shamba lake.

Sikutaka kwenda kwake tena na maneno matupu. Nilichukua kopo kuukuu, nikatia majani makavu na machache mabichi, nikayawasha karibu na mpaka. Saa sita mchana moshi ulipanda ukapotea. Alfajiri ulipanda mpaka usawa wa kichwa changu, ukasimama, kisha ukajilaza kama shuka na kuanza kuja nyumbani. Nilisimama nikiutazama moshi ukipita juu ya matuta yangu na kulifikia dirisha la chumba cha mtoto, miguu ikaniishia nguvu.

Kwa wiki mbili niliandika kwenye daftari: saa, moshi unakwenda wapi, umande upo au haupo, anga lina mawingu au ni jeupe. Usiku wa mawingu mazito moshi haukulala. Usiku wa nyota nyingi na utulivu, kila alfajiri ulilala. Hali hiyo huanza jua linapokaribia kuzama, hukaza kuelekea mapambazuko, na kwangu huvunjika saa moja au mbili baada ya jua kutoka.

Ndipo nikamwendea mzee, safari hii na shikamoo, nikamwomba aje kwangu kesho yake kabla ya jua. Alikuja. Niliwasha kopo sikusema neno. Alitazama moshi ule muda mrefu, mikono nyuma, akageuka kuangalia nyumba, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nakuletea mpaka mlangoni." Nilimwomba radhi kwa maneno yangu ya siku ile. Akasema tuache hayo, tuongee kazi.

Na kazi yenyewe tuliipanga pale pale. Anapiga dawa jua likishapanda na moshi wa kopo ukiwa unapaa, kukiwa na upepo mwepesi wa kilomita 5 hadi 15 kwa saa unaotoka kwangu kwenda kwake. Alibadilisha nozeli, yaani vile vichwa vinavyotoa dawa, akafunga zile zinazovuta hewa na kutoa matone makubwa zaidi. Alishusha mabomba ya kupulizia yakawa kama sentimita 50 juu ya mimea, akapunguza shinikizo na mwendo. Mistari ya karibu na mpaka haipigi kabisa, anapalilia kwa jembe. Jambo moja sikulijua mpaka tuliposoma lebo pamoja: 2,4-D huuzwa kwa namna zaidi ya moja za kikemikali, na ile iitwayo esta hugeuka mvuke kwa urahisi zaidi kuliko iitwayo amini. Mvuke huo unaweza kuinuka baada ya kazi kwisha, joto likipanda, hata kama upigaji ulikuwa mzuri. Sasa anatumia ya amini. Nami nimepanda ua wa mimea upande wangu, wenye matawi yanayopitisha hewa kidogo, maana ukuta mzima huufanya upepo uruke juu na kujipinda chini upande wa pili. Ua bado mdogo. Sijautegemea.

Najua si kila mtu ana jirani wa kusimama naye alfajiri. Kama wako hasikii, daftari ni lako hata hivyo. Andika saa, upepo, harufu, trekta lilikuwa wapi. Piga picha kutoka mpakani kwenda ndani, hatua kwa hatua: madhara ya dawa iliyopeperuka hupungua kadiri unavyosogea mbali na mpaka, ilhali ugonjwa mara nyingi huzuka hapa na pale. Chuma majani mapema kwa glavu safi, ubadilishe glavu kwa kila sehemu, uyaweke kwenye mfuko safi wenye tarehe na mahali penye baridi. Maabara itakuuliza itafute dawa gani, kwa hiyo jina la dawa ni nusu ya ushahidi. Mimi nilichelewa kwa hilo, na yale mashina manne niliyoyachoma yangeweza kunisaidia.

Mwili uje kabla ya daftari. Macho yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Nguo zivuliwe, ngozi ioshwe kwa sabuni. Dawa za magugu ni jambo moja, za wadudu ni jingine: nyingine, hasa za kundi la oganofosfeti, huzuia kolinesterasi, kimeng'enya ambacho mishipa ya fahamu hukihitaji ili ifanye kazi sawasawa. Ukiona mtu anatokwa na mate na jasho jingi, mboni za macho zimekuwa ndogo, kifua kinambana, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo ukiwa na lebo au picha yake, na uulize kuhusu kipimo cha damu cha kimeng'enya hicho. Usimtapishe.

Nilipokuwa nasoma usiku nilikuta habari za Marekani, mwaka 2017, ambako wataalamu wa vyuo vikuu walikadiria kuwa ekari milioni 3.6 za soya ziliathiriwa na dawa nyingine ya magugu, dikamba, iliyohama kutoka mashamba ya jirani. Huko nako mvuke na hewa ile iliyofunikwa vilitajwa. Wengi wa wakulima wale walikuwa majirani wa miaka mingi.

Nyanya za msimu ule hatukuzila. Niliziondoa zote, nikapanda upya mbali kidogo na mpaka.

Kopo tulimwachia mzee. Jana usiku alinitumia ujumbe kwamba kesho atapiga dawa, nianue nguo. Leo alfajiri ukaja mwingine: "Moshi umelala, binti yangu. Nangoja jua."