Nilivyojifunza kusanifu kiolesura kwa daftari la madeni ya mawese

Nilichotengeneza ni ukurasa mmoja wa simu: daftari la madeni la mama anayeuza mawese kwa dumu na kwa lita pale soko la Mwanga, Kigoma. Kuandika programu nilikuwa nakujua kiasi. Kiolesura, yaani kila kitu ambacho jicho na kidole hukutana nacho, sikukijua, ingawa nilikuwa nimeiga picha za kurasa nzuri hadi nikachoka. Picha haikuonyeshi mtu anayeandika deni huku mkono wa pili umeshika kipimo cha lita.

Kabla ya kuchora chochote niliomba daftari lake la karatasi, nikanakili kurasa mbili kama zilivyo. Fomu yangu ilikuwa tayari: jina la kwanza, jina la ukoo, namba ya simu. Daftarini mlikuwa na "Mama Asha Gungu", "Mama Asha Katubuka", "fundi baiskeli". Jina la ukoo hata moja hakuna. Sehemu zikabaki mbili, anavyoitwa na wa wapi, na zote mbili huonekana pamoja kwenye orodha, kwa sababu Mama Asha akiandikiwa deni la mwenzake ugomvi wake si wa kiufundi tena.

Kisha nikaja kwenye vipimo. Simu nyingi za bei nafuu zina upana wa pikseli 360 kwa hesabu ya kivinjari, kwa hiyo nilisanifu kwa 360 kwanza na kompyuta baadaye. Usisahau mstari wa viewport, unaoiambia simu ukurasa uwe na upana gani, kwenye kichwa cha ukurasa: bila huo simu hudhani ukurasa una upana wa pikseli 980 hivi, ikaubana wote mpaka maandishi yawe kama sisimizi. Maandishi ya kawaida niliyaweka pikseli 16, kiasi cha deni 28. Vitufe nilianza na urefu wa 40. Mwongozo wa Android unataka 48, na hapa hata hiyo haikutosha. Kidole chenye mawese huteleza kioo kinapoguswa, na kivinjari kikiona kidole kimesogea hukichukulia kuwa kinasukuma ukurasa, kitufe hakipokei kitu. Nikaongeza hadi 56, na nafasi ya 12 kati ya kitufe na kitufe. "Nimelipwa" na "Nimekopesha" nikavitenganisha kabisa, kimoja juu ya kingine badala ya kuvipanga ubavuni.

Rangi nilichagua ya mawese yenyewe, chungwa (msimbo wake wa rangi ni #F28C28), na maandishi meupe juu yake. Ndani ya nyumba ilipendeza. Juani kitufe kiligeuka kipande cha rangi kisicho na neno. Ukipima, weupe juu ya chungwa hilo unatoa uwiano wa mwanga wa 2.5 kwa 1, wakati WCAG, mwongozo wa kurasa zinazosomeka na kila mtu, unadai angalau 4.5 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa makubwa. Nilibadilisha maandishi tu kuwa meusi, uwiano ukapanda hadi 8.6, rangi ya biashara ikabaki. Kijivu cha #999 kinachopendwa na wasanifu hakifiki hata 3 juu ya nyeupe. Kama unataka kijivu, #767676 ndicho cha mwisho kinachopita.

Kosa langu jingine la rangi lilikuwa la Kigoma hasa. Niliandika programu igeuke ya giza saa 12 jioni. Huku tuko magharibi kabisa mwa nchi lakini tunatumia saa moja na Dar es Salaam, kwa hiyo saa 12 jioni jua bado linakupiga usoni kutoka upande wa ziwa, na linazama karibu saa moja. Skrini nyeusi kwenye mwanga ule ni kioo cha kujitazamia. Niliondoa ugeukaji wote, nikabakiza mandhari meupe.

Fedha ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko vyote. Nilitumia sehemu ya aina ya "number", nikidhani ndiyo ya namba. Mtu akiweka 45,000 na koma, kivinjari kinaweza kuiona si namba halali na kuipa programu thamani tupu, bila kusema neno. Suluhisho: tumia aina ya "text", weka inputmode="numeric" ili kibodi ya tarakimu itokee, kisha msimbo wako uondoe kila kisicho tarakimu na kurudisha koma wakati wa kuonyesha. Kwenye orodha panga kiasi upande wa kulia, na uwashe mpangilio wa herufi uitwao tabular-nums ili kila tarakimu iwe na upana mmoja. Sifuri iliyopungua huonekana mara moja kwa sababu safu inapinda.

Hata hivyo haikutosha. "Mwanangu, hii namba imekula sifuri," muuzaji aliniambia, na kweli 45,000 ilikuwa imeingia kama 4,500. Chini ya kiasi nikaweka maneno yanayojiandika kadiri anavyobonyeza: elfu arobaini na tano. Hapo kuna mtego wa Kiswahili: "elfu mia mbili na tano" mmoja atasikia 205,000, mwingine 200,005. Kuanzia 100,000 programu inasema laki: laki mbili na elfu tano. Sokoni ndivyo wanavyosema, na hakuna anayebishana.

Kitufe cha kuhifadhi nilikigandisha chini ya skrini, kama programu nyingi. Kibodi ikifunguka, kitufe kinapotea. Tangu toleo la 108 la Chrome kwenye Android kibodi haipunguzi tena ukurasa, inaufunika tu, na kilichogandishwa chini kinabaki chini yake. Unaweza kuongeza interactive-widget=resizes-content kwenye mstari wa viewport. Mimi nilikihamisha kitufe kikakaa mara tu chini ya sehemu ya kiasi, na hilo linafanya kazi hata kwenye vivinjari vya zamani.

Saa: kivinjari kinatoa 14:00, mtu anasema saa 8 mchana. Toa 6, jibu likiwa chini ya 1, ongeza 12, likizidi 12, toa 12, kisha weka alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Hesabu ni rahisi, siku ndiyo ngumu. Mzigo ukiingia saa 8 usiku baada ya Jumanne kuchwa, kompyuta inaandika Jumatano, na muuzaji anautafuta chini ya Jumanne. Ninaandika "usiku wa kuamkia Jumatano" na ninauweka kwenye kundi la jioni iliyotangulia.

Kupima sikuuliza "unaionaje?" maana jibu ni "nzuri" kila siku. Nilimpa kazi: Mama Asha wa Gungu kachukua dumu moja, katoa nusu ya pesa. Kisha nikanyamaza, nikahesabu miguso. Toleo la kwanza miguso 11 bila kuhesabu ya tarakimu, la nne 5. Kunyamaza ni kugumu kuliko msimbo.

Maneno ya vitufe niliyaacha mwisho, na nilikosea. "Pakua", nililokusudia kwa kuhifadhi nakala, liliulizwa, "Napakua nini, chakula kiko wapi?" Sasa ni "Weka nakala kwenye simu", na ni kitufe cha lazima: data inakaa ndani ya kivinjari, mjukuu akisafisha simu ipate nafasi, madeni yote yanakwenda. "Futa" lilikuwa baya zaidi. Mimi nilimaanisha kuondoa mstari ulioandikwa kimakosa. Kwa muuzaji kufuta deni ni kumsamehe mdaiwa, na hakuligusa wiki mbili, akiacha makosa yakae. Sasa linasomeka "Nimekosea, ondoa", na likibonyezwa "Rudisha" inabaki skrini kwa sekunde 8. Siku hiyo hiyo aliondoa mistari sita.