Kisigino cha Mjomba

Februari 2014 nilikuwa Chennai, kusini mwa India, namuuguza mjomba wangu. Siku hizo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilikuwa haijaanza, na mgonjwa wa valvu mwenye ndugu wa kumchangia alipandishwa ndege. Tulichanga ukoo mzima, hata mashua ikauzwa. Mjomba akapasuliwa kifua, akaamka, akaanza kulalamikia chakula, tukajua amepona.

Mchana nilikaa naye wodini. Usiku wauguzaji hatukuruhusiwa. Nilirudi nyumba ya wageni mtaa wa Greams Road, ambako kila chumba kina mtu mwenye mgonjwa wake: Wabangladeshi, Waomani, sisi. Usingizi haukuja. Kijana wa mapokezi, mwanafunzi wa chuo aliyefanya kazi za usiku, aliniona nimekaa ngazini siku tatu mfululizo saa sita usiku. Akaniuliza kama najua kutembea. Nikamwambia nimezaliwa kisiwani, gari nimelipanda nikiwa na miaka kumi na moja. Akasema basi Ijumaa nije naye, kuna matembezi ya kasa.

Nilicheka kimoyomoyo. Mimi ni mtu wa Juani, Mafia. Kasa ndiye aliyenilea, kwa maana nyingine kabisa.

Ijumaa tukapanda bajaji mpaka ufukwe wa Neelankarai. Tulikuta watu kama kumi na watano, wengi wanafunzi wa pale pale Chennai, na wageni watatu: binti wa Kijerumani aliyekuja nusu mwaka kujitolea, na mzee wa Kiingereza na mkewe waliostaafu, wanaozunguka India kutoka mradi hadi mradi, kabla ya hapo walikuwa wakipanda miti karibu na Pondicherry. Kazi yenyewe, kutembea ufukweni usiku kutafuta mayai ya kasa na kuyahamishia penye usalama, si ya wageni. Wanafunzi wa Chennai wameifanya tangu 1988, kila mwaka kuanzia Januari, wanapokezana darasa kwa darasa. Lilipitishwa daftari la kuandika jina na nchi. Binti kaandika Ujerumani, mimi nikaandika Tanzania. Nilijisikia ajabu kidogo. Kwetu neno "wa kujitolea" likitajwa, watu hutazama gatini kuona mzungu gani anashuka.

Safari ni kilomita kama saba, kutoka Neelankarai kwenda Besant Nagar, Ghuba ya Bengal mkono wa kulia. Tochi haziwashwi ovyo. Unapita Palavakkam, Kottivakkam, Tiruvanmiyur, boti za wavuvi zimepandishwa mchangani kama kwetu, nyavu zimerundikwa kama kwetu, na harufu ni ile ile. Tofauti ni taa. Mji umewaka mpaka majini, na mtoto wa kasa akitoka yaini huufuata mwanga akidhani ndio bahari, akaishia barabarani. Ndiyo sababu mayai huhamishwa. Hiyo na mbwa.

Tulikuta kwanza waliokufa, wawili, kama hatua mia moja kutoka mmoja hadi mwingine. Macho yametumbuka, shingo imevimba. Kasa anavuta hewa kama sisi. Akinaswa kwenye wavu wa meli ya kukokota asipate kupanda juu, anazama na mapafu yake. Kijana aliyetuongoza akawapima, akawatia rangi mgongoni wasihesabiwe tena kesho. Mwingereza akavua kofia. Mimi sikuvua, nilikuwa natazama magamba. Hawa si kasa wetu wa kijani. Ni wadogo, mgongo kama sinia kubwa la pilau, rangi ya majivu ya kijani. Ni kigome, ambaye nilikuwa nimemsikia kwa jina tu kwa wazee. Huko Odisha, kaskazini zaidi kwenye pwani hiyo hiyo, hutoka baharini kwa maelfu usiku mmoja.

Karibu na Kottivakkam tukaona mburuzo.

Mburuzo wa kasa wa kijani naujua gizani. Anarusha makasia mawili kwa pamoja, alama zinakaa sambamba kulia na kushoto. Huu ulikwenda upande mmoja-mmoja, kama wa mtoto anayetambaa. Ulipanda mpaka juu ya mstari wa maji kujaa, ukavuruga mchanga, ukashuka. Mama ameshaondoka. Kiongozi akatoa ufito, akaanza kuchoma mchanga taratibu, akisikiliza mkono. Dakika kumi. Akampa mwenzake. Dakika ishirini. Wakachoma pale mchanga ulipovurugika zaidi, na hapo ndipo walipokosea, maana kasa si mjinga. Anavuruga pakubwa ili ufikiri ni hapo.

Nilikuwa na miaka minane Mjomba aliponifundisha. Pwani ya Juani ya mashariki, ile inayotazama bahari kuu, tulikwenda wawili na pakacha. Ufito alikuwa nao lakini hakuutumia kwanza. Alivua makubadhi, akatembea polepole akikanyaga kwa kisigino, macho ameyafumba. "Mchanga uliozaliwa jana na ule wa siku zote haukujibu sawa," aliniambia. Kisigino kikizama kidogo na kurudi, hapo. Nikijaribu mimi nasikia mchanga tu. Akanipiga kibao cha mguu. Nikajaribu tena mpaka nikasikia. Tulichimba mpaka mkono ukaingia begani, tukajaza pakacha. Kabla ya kuondoka alikata kuti, akalikokota nyuma yake mpaka majini na kurudi, mburuzo ukafutika wasije wengine wakajua. Mayai tulikula, mengine yaliuzwa. Mwaka 2001 ulipokuja mradi wa kulinda kasa na nguva, na watu wa vijijini wakaanza kupewa fedha kwa kiota walichokitolea taarifa badala ya kukila, Mjomba alinuna mwaka mzima. Mimi nilikuwa Dar shuleni, nikawa upande wa mradi bila kumwambia.

Basi Kottivakkam nikavua viatu. Nikaomba nijaribu. Kiongozi akanitazama, akapisha. Nikafumba macho, nikaanza kukanyaga, naona aibu kama mtu anayecheza ngoma peke yake. Nikaenda pembeni, mahali mchanga ulipoonekana hauna habari. Kigome akishafukia hujipigapiga kwa tumbo, huku na huku, kushindilia. Kwa hiyo juu ni pagumu kidogo, halafu chini pananywea. Kisigino kikajibu. Nikasema hapa. Ufito ukazama kama kwenye unga.

Nilichimba kwa mkono. Nilitegemea begani, nikafika kwenye kiwiko na kidogo zaidi, vidole vikagusa. Laini, ya moto kuliko mchanga, yenye utelezi, madogo kuliko ya kwetu. Kama mpira wa meza uliobonyea. Nikataka kutoa la kwanza kwa haraka niliyoizoea, kiongozi akanishika mkono. Polepole. Usiligeuze. Lilivyokaa ndivyo litakavyokaa, maana baada ya saa chache mtoto hujishika ndani ya ganda upande wa juu, ukiligeuza umemuua. Hilo Mjomba hakuwahi kunifundisha. La kutiwa sufuriani lina haja gani ya kujua juu na chini?

Yalikuwa 118. Tuliyaweka kwenye mfuko wa nguo pamoja na mchanga wake wenye unyevu, binti wa Kijerumani akayahesabu kwa sauti na mkewe Mwingereza akaandika. Vijana wakafuta mburuzo kwa miguu.

Njiani kiongozi akaniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia mjomba wangu ni mlinzi wa kasa Mafia. Uongo ulitoka mwepesi, ukanikaa kooni mpaka Tiruvanmiyur. Pale nikamsogelea, nikamwambia ukweli, pakacha na yote. Binti alikuwa karibu, akanyamaza, akapunguza mwendo akabaki nyuma na wazee. Sikumlaumu. Kijana yeye alicheka. Akasema bibi yake anatoka kijiji cha wavuvi, na angetuona na mfuko ule angeuliza mbona maji hayajachemka.

Besant Nagar tulifika saa kumi kasoro. Wana ua wa mianzi juu ya ufukwe, ndani vijiti vimepangwa na tarehe na idadi. Wakanipa heshima ya kuchimba shimo jipya. Ni umbo la mtungi: shingo nyembamba, tumbo pana, kina kile kile alichochimba mama. Tukayapanga moja moja. Siku arobaini na tano hivi, wakasema, na joto la mchanga ndilo litakaloamua wangapi majike na wangapi madume.

Saa mbili asubuhi nilikuwa wodini, sijalala. Nesi alinituma ninawe tena kwa jinsi kucha zilivyokuwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona unanuka pwani?"

Nikamweleza. Alisikiliza amefumba macho, mkono juu ya kifua ulipo mshono, kama alivyofundishwa akitaka kukohoa.

"Mangapi?"

"Mia na kumi na manane."

"Kwa ufito?"

"Kwa kisigino."

Akatabasamu upande mmoja. Kimya kikawa kirefu, nikadhani amelala.

"Na hukuleta hata moja, mjomba."

"Sikuleta."

"Mlifuta njia?"

"Tulifuta."

"Kwa kuti?"

"Kwa miguu tu."

Akageukia ukutani, polepole kwa ajili ya mshono. "Aa," akasema. "Kwa miguu haifutiki vizuri. Waambie wakate kuti."