Kutuma FT8 bila kuwaziba wengine

Katika megahezi 14.074, ambako wapenzi wa redio ya ridhaa hukusanyika kutumiana ujumbe kwa FT8 (mfumo ambao kompyuta hugeuza ujumbe mfupi kuwa toni za sauti, nayo redio huzirusha), vituo vingi hubanana ndani ya kilohezi 3 hivi, kila kimoja kikichukua hezi 50 tu. Nafasi hutosha iwapo kila mmoja atatuma mawimbi safi. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni sauti ya kompyuta kupandishwa kupita kiasi: mtu akituma toni ya hezi 600, redio iliyolemewa huzalisha pia toni za 1200 na 1800, hata kituo kimoja kikaonekana kwenye skrini kama mistari mitatu na kuwafunika wasiohusika. Mimi hupunguza sauti hadi kipimo cha ALC, kinachoonyesha redio inavyojizuia isilemewe na sauti, kitulie karibu na sifuri, kisha huchagua toni iliyo juu ya hezi 1500, ambayo toni zake za ziada, kuanzia mara mbili yake, huzuiwa na kichujio cha redio.

Kabla ya kutuma husikiliza zamu zote mbili (vituo hupokezana kutuma kila sekunde 15), kwa sababu nafasi iliyo wazi katika sekunde 15 hizi yaweza kuwa imejaa katika 15 zinazofuata. Nguvu ya kutuma ya wati 100 (na wapo wanaozidisha!) sioni haja yake kwa kawaida, maana programu husoma hata mawimbi yaliyo chini ya kelele kwa desibeli 20 hivi.