Herufi moja kwa siku tatu: somo kuu la Waldorf nyumbani

Wazazi wengi wa Nairobi wanaoamua kufundisha nyumbani kwa mtindo wa Waldorf, elimu inayopitia hadithi, sanaa na mwili kabla ya kalamu, huanzia dukani: vikapu vya ukindu, vitambaa vya hariri, krayoni za nta zenye bei ya kuumiza kichwa. Vitu hivyo vinaweza kusubiri. Mtindo huu unabebwa na somo kuu la asubuhi, na somo hilo linategemea usingizi. Hadithi husimuliwa leo, kesho huchorwa, kesho kutwa ndipo herufi huandikwa. Mtoto akilala nayo, huamka nayo ikiwa yake.

Hapa nazungumzia mtoto anayekaribia miaka saba. Aliye chini ya hapo mpe nyimbo, hadithi na unga wa kukanda; herufi zitamkuta.

Tangu shule ya kwanza ya Rudolf Steiner, mwanzilishi wa mtindo huu, ifunguliwe Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1919, somo kuu huchukua takriban saa mbili, mada ikiwa moja kwa wiki tatu au nne. Nyumbani, kwa mtoto mmoja, saa moja na robo inatosha. Darasani sehemu ya muda huo huliwa na kungojeana. Ukimkalisha mwanao mezani saa mbili kamili, nusu saa ya mwisho itakuwa ugomvi.

Chukua herufi T. Siku ya kwanza anzeni kwa mwili, kama dakika kumi na tano: kuruka kamba, kupiga makofi kwa mapigo, kurushiana vifuko vya maharagwe. Wanaokaa ghorofani wapande kule juu kunakoanikwa nguo, au washuke uwanjani, kabla jirani wa chini hajampigia keateka simu. Kisha hadithi ya tai, dakika kumi, kwa mdomo. Paukwa, pakawa, uendelee. Usisome kitabuni, maana macho yako yakiwa kwenye ukurasa hayapo kwa mtoto. Herufi usiitaje. Hadithi ikiisha usiulize imetufunza nini, mwache akacheze.

Siku ya pili anasimulia yeye. Akinyamaza, usimhoji kama askari. Anza wewe, tena ukosee makusudi: “Basi yule tai akatua juu ya gari...” Atakurekebisha mbio, na hadithi nzima itafuata. Halafu mnachora, wewe kwenye karatasi kubwa, yeye kwenye kitabu kisicho na mistari. Anzeni na rangi ya anga na ardhi kwa kulaza ubavu wa krayoni, kisha tai ajitokeze ndani ya rangi: mabawa yametandazwa juu, mwili umenyooka chini. Msichore mzingo kwanza ndipo mjaze. Mtoto aliyezoea vitabu vya kupaka rangi ataudai, na wiki ya kwanza atalalamika.

Siku ya tatu T inatoka kwenye picha. Ichoreni kwa chaki sakafuni aitembee, aichore hewani kwa mkono mzima, umchoree mgongoni kwa kidole. Kalamu ni ya mwisho. Aiandike ikijaza ukurasa, kisha ataje maneno nawe uyaandike: taa, tunda, tumbili.

Ratiba ya wiki ni hii: Jumatatu hadithi, Jumanne picha, Jumatano herufi pamoja na hadithi mpya, Alhamisi picha, Ijumaa herufi. Herufi mbili kwa wiki, nane kwa wiki nne. Baada ya hapo funga kitabu, mfanye hesabu wiki tatu au nne, ndipo mrudi. Utaona kama amesahau. Mpe siku mbili za marudio. Kosa kubwa ni kubana siku tatu ziwe moja kwa sababu “ameshaelewa”. Kuelewa anaelewa, lakini picha haijapata muda wa kukaa, na baada ya wiki mbili T na F zinachanganyika.

Miongozo mingi ya mtandaoni ni ya Kiingereza na picha zake hazihamii Kiswahili. Picha inapaswa kubeba sauti na umbo kwa pamoja, kwa hiyo tafuta za kwako: S ni swila aliyejipinda, M ni mlima wa vilele viwili, W ni wimbi, D ni dau tanga limejaa upepo, K ni kunguru aliyepanua mdomo, na kunguru Nairobi hawatafutwi. Herufi isiyopata picha nzuri usiilazimishe. Ifundishe tu hivyo hivyo. Irabu hazihitaji picha. Ziimbe.

Hapo ndipo Kiswahili kinapotupendelea. Irabu zetu tano kila moja ina sauti yake, basi mtoto mwenye irabu na M, T, K pekee tayari anasoma mama, kaka, kiti, moto, mkate. C haikai peke yake bali huja kama ch. Q na X ziache hadi Kiingereza. Ng’, dh na gh zije silabi rahisi zikishatulia. Hata kama nyumbani mnaongea Kiingereza na Sheng, ningeanza kusoma kwa Kiswahili.

Kuhusu vifaa, krayoni za bei rahisi huteleza na kuacha chenga, lakini zinafundisha. Rangi huhamia ukurasa wa pili, kwa hiyo weka karatasi ya kuokea katikati. Asubuhi za Julai nta ya kufinyanga huwa ngumu kama jiwe. Itumbukize kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache, yasiwe ya moto.

Jambo moja la kupima mapema. Shule za Waldorf zipo hapa, kama Rudolf Steiner ya Mbagathi, ila watoto wengi wa nyumbani huishia kwingine, na shule nyingi za kibinafsi humfanyia mtoto usaili wa kusoma kabla ya Gredi ya Kwanza. Kama unakusudia kumrudisha ndani ya mwaka mmoja, iambie shule hiyo mapema namna mnavyosoma, uweke vitabu vyake vya somo kuu vyenye tarehe, na uulize usaili utakuwa wa lugha gani.